Uzi maalumu: Jinsi ya kuendesha shindano la kirafiki la kubashiri mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani bila marafiki kununiana

#1. Mleta mada

Wakuu, salaam kwenu.

Kila ifikapo mwezi Machi napokea maswali kutoka kwa jamaa walioko hapa Marekani na wengine walioko nyumbani, wakitaka kujua jinsi kundi la marafiki linavyoweza kuendesha shindano la kubashiri mpira wa kikapu wa vyuo pasipo watu kukorofishana. Naishi Columbus, jimboni Ohio, na nimekuwa mshika daftari wa shindano letu tangu mwaka 2009. Tulianza watu sita tuliokuwa tumepanga nyumba moja, na leo tumefika watu ishirini na mmoja, wakiwemo Watanzania, Wakenya, Wakongo wa Bukavu na Goma, familia mbili za Warundi, na wenzetu wawili walioko Dar es Salaam na Muscat. Nimeona niandike ninayoyajua mahali pamoja ili atakayeuliza mwakani nimwelekeze hapa.

Kwa wageni, mashindano yenyewe yako hivi. Mashindano ya wanaume ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, yalianza mwaka 1939 kwa timu nane tu, yakafikia timu 64 mwaka 1985, na tangu mwaka 2011 yamekuwa na timu 68. Jumapili moja ya katikati ya Machi kamati hutangaza timu zote na nafasi zake. Jumanne na Jumatano timu nane hucheza mechi nne za mchujo mjini Dayton, mwendo wa zaidi kidogo ya saa moja kwa gari kutoka hapa kwetu, na baada ya hapo zinabaki timu 64 katika kanda nne, kila kanda ikiwa na timu zilizopangwa kwa ubora kuanzia namba 1 hadi namba 16. Namba 1 inakutana na namba 16, namba 2 na namba 15, na kuendelea hivyo mpaka namba 8 na namba 9. Ni mtoano, kwa hiyo timu ikifungwa mara moja inafungasha virago. Karatasi inayoonyesha njia ya kila timu kutoka raundi ya kwanza hadi fainali ndiyo braketi, na kazi ya mshiriki ni kuijaza yote, mechi 63, kabla mechi ya kwanza ya Alhamisi haijaanza.

Utamu wa shindano hili uko hapo. Anayebeti mechi za kila wiki akikosea leo kesho anaanza upya, lakini wewe uliyeandika Jumatano usiku kwamba timu fulani itacheza fainali umejifunga nayo kwa wiki tatu, na ikitolewa Ijumaa ya kwanza nafasi zote ulizoipa mbele ya safari zimekufa pamoja nayo. Sisi tumeazima neno la vijana wa nyumbani, braketi tunaiita mkeka, na bingwa wa mtu akitolewa mapema tunampa pole kwamba mkeka umechanika. Wala asitokee mtu akawaambia ana fomula ya kuijaza yote sawasawa. Mechi 63 zenye matokeo mawili kila moja zinaweza kujazwa kwa njia 9,223,372,036,854,775,808. Mwaka 2014 tajiri wa Kimarekani Warren Buffett alisimama nyuma ya zawadi ya dola bilioni moja kwa atakayepatia mechi zote, na raundi ya kwanza haikwisha kabla mikeka yote haijachanika. Aliyefika mbali zaidi kwa ushahidi uliohakikiwa ni mkazi mmoja wa huku kwetu Ohio, ambaye mwaka 2019 alipatia mechi 49 mfululizo, hadi Purdue ilipoifunga Tennessee 99 kwa 94 katika muda wa nyongeza.

Shindano letu lilizaliwa kwa sababu ya Hasheem Thabeet. Wengi mnamkumbuka, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, aliyeanza kucheza kikapu akiwa tayari na miaka kama kumi na tano na miaka michache baadaye akawa nguzo ya Chuo Kikuu cha Connecticut, yaani UConn. Machi 2008 tulikaa sebuleni kumwangalia akicheza na San Diego, timu iliyopangwa namba 13, nasi hatukuwa na wasiwasi wowote kwa kuwa UConn ilikuwa namba 4. San Diego ilishinda 70 kwa 69 katika muda wa nyongeza. Siku hiyohiyo, katika ukumbi huohuo wa Tampa, zilichezwa mechi nne, na zote nne zilichukuliwa na timu zilizopangwa namba 12 na 13. Tulitoka pale tukiwa tumeshaelewa kwamba huu si mpira wa kuutazama kimyakimya, unahitaji daftari.

Mwaka uliofuata UConn ikawa namba 1. Sote sita tuliandika kwamba itachukua ubingwa. Iliifunga Chattanooga 103 kwa 47, ikaendelea kupepeta wengine mpaka nusu fainali mjini Detroit, na huko ikafungwa na Michigan State 82 kwa 73. Kwa kuwa sote tulikuwa na bingwa mmoja, sote tulianguka pamoja, na mshindi akapatikana kwa mechi ndogondogo za raundi ya kwanza ambazo hakuna aliyekuwa amezitilia maanani. Yule mshindi aliwazidi wenzake kwa mechi mbili tu, na tulibishana usiku kucha kama mechi hizo zilistahili pointi moja au mbili, maana hatukuwa tumeandika popote.

Nataka nilisisitize hili, kwa kuwa ndilo lililonifanya nianzishe uzi. Katika miaka yote hii hatujawahi kugombana kwa sababu ya nani anajua mpira na nani hajui. Kila ugomvi wetu ulitoka kwenye jambo ambalo halikuandikwa kabla ya Alhamisi ya kwanza.

Mfano wa kwanza ni kosa langu mwenyewe. Mwaka 2012 niliwatumia watu ujumbe kwamba mwisho wa kupokea mikeka ni "saa 12:15 siku ya Alhamisi", nikiwa nimenakili saa ya Kimarekani kama ilivyo kwenye ratiba. Kati yetu alikuwepo mzee mmoja mwenyeji wa Tanga, aliyekuwa na miezi michache tu hapa nchini. Yeye alisoma kama Mswahili yeyote anavyosoma, saa kumi na mbili na robo, yaani jioni. Alifika mlangoni kwangu saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini, bado amevaa fulana ya kazini yenye mistari ya kung'aa, karatasi yake ameikunja mara nne na kuifungia ndani ya kifuniko cha bakuli la chakula isilowe. Alikuwa na furaha kwamba amewahi. Sebuleni watu walikuwa wameshaona mechi kadhaa zikimalizika.

Baadhi yetu walitaka akataliwe kabisa, na wengine wakataka apokelewe mzimamzima kwa kuwa huko ghalani alikokuwa kazini simu za wafanyakazi hufungiwa kwenye makabati na hakuna namna angeweza kujua matokeo. Niliamua kwamba mechi zilizokwisha kuanza zihesabiwe sifuri kwake na zilizobaki zihesabiwe zote. Kesho yake Norfolk State, namba 15, ikaifunga Missouri, namba 2, kwa 86 kwa 84, na katika kundi zima mtu pekee aliyekuwa ameiandika Norfolk State ni yule mzee. Manung'uniko yakaongezeka mara mbili. Sikuona sababu ya kubadili uamuzi, maana ile ilikuwa mechi ya Ijumaa na karatasi ilikuwa mikononi mwangu tangu Alhamisi. Lakini tangu mwaka ule natangaza muda kwa maneno na kwa kila mji: saa sita na robo mchana Columbus, saa moja na robo usiku Dar es Salaam na Nairobi, saa mbili na robo usiku Muscat.

Walioko nyumbani wazingatie jambo moja zaidi. Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi, yaani siku chache kabla ya mashindano kuanza. Tofauti kati ya Ohio na Afrika Mashariki, ambayo majira ya baridi ni saa nane, inageuka kuwa saa saba. Anayeendelea kuhesabu nane anachelewa kwa saa nzima bila kujijua.

Mfano wa pili ni mechi za Dayton. Karatasi zinachapishwa Jumapili, wakati timu nane za mchujo hazijacheza, hivyo katika baadhi ya nafasi utakuta majina mawili yameandikwa pamoja. Mwaka 2023 binti wa mwenzetu, wakati huo akiwa na miaka kumi na mmoja, alichora mstari kutoka kwenye nafasi ya aina hiyo na kuiondoa Purdue, timu namba 1. Jumatano Fairleigh Dickinson ikaifunga Texas Southern 84 kwa 61 pale Dayton. Ijumaa, hapahapa Columbus, ikaifunga Purdue 63 kwa 58, na hiyo ilikuwa mara ya pili tu katika historia ya mashindano ya wanaume kwa namba 16 kuitoa namba 1, baada ya UMBC kuifunga Virginia 74 kwa 54 mwaka 2018. Kuna mtu mzima, mwenye akili zake, aliyesimama na kudai kwamba mtoto hakuandika jina la Fairleigh Dickinson na kwa hiyo hastahili pointi. Bahati nzuri kanuni ilikuwepo: nafasi ya mchujo ni ya yeyote atakayeipata. Niliisoma kwa sauti, tukaendelea.

Nitaishia hapa kwa sasa. Mwenye swali aliweke, nitajibu kadiri ninavyojua. Naomba kuwasilisha.

#2. Mchangiaji, Nairobi

Asante sana, ndugu, kwa mada iliyoshiba. Sisi hapa tuko kumi ofisini na tulijaribu mwaka jana. Pointi zetu zilikuwa zinaongezeka maradufu kila raundi, na mwishowe aliyeshinda ni mtu ambaye raundi ya kwanza alikuwa wa mwisho. Wenzetu watatu wameapa hawarudi tena. Je, mnahesabuje pointi zenu?

#3. Mleta mada

Ndugu wa Nairobi, yaliyowapata yametupata na sisi, tena mara mbili kwa mtu yuleyule.

Kati ya wale sita wa 2009 kuna bwana mmoja ambaye tangu mwaka ule hajawahi kuandika bingwa mwingine isipokuwa UConn, kila mwaka ambao UConn imeingia kwenye mashindano. Anasema ni deni lake kwa Thabeet. Mwaka 2011 UConn ikachukua ubingwa naye akashinda. Mwaka 2014 ikaingia ikiwa namba 7, hakuna mwingine aliyeitazama, ikafika fainali na kuifunga Kentucky 60 kwa 54. Mkeka wa yule bwana katika raundi ya kwanza ulikuwa wa pili kutoka mwisho, na bado alituacha kwa mbali.

Chukua kalamu uone kilichotokea. Mfumo wa 1, 2, 4, 8, 16, 32 unaipa kila raundi jumla ya pointi 32, na mashindano yote pointi 192. Lakini aliyepatia bingwa amekusanya kupitia timu hiyo moja 1, 2, 4, 8, 16 na 32, ambazo ni 63, karibu theluthi ya pointi zote zilizopo. Mechi ya fainali peke yake ina uzito sawa na mechi zote 32 za raundi ya kwanza. Ndiyo maana wenzako wanaona jasho lao la Alhamisi na Ijumaa limekwenda bure.

Baada ya 2014 tulihamia kwenye 2, 3, 5, 8, 13, 21. Hapa jumla ni 231 na bingwa kwa safari yake yote anakupa 52, yaani chini ya robo. Bado bingwa ana heshima yake, na anastahili kuwa nayo, lakini hawezi kumbeba mtu ambaye mechi nyingine zote amezikosea. Yule bwana wa UConn mwaka 2023 alimaliza wa tatu ingawa UConn ilikuwa bingwa. Mwaka 2024 UConn ikachukua tena, safari hii mechi zake nyingine nazo zilikuwa nzuri, akashinda, na sote tulimpongeza kwa moyo mweupe.

Watakuja watu kuwashauri mtoe nyongeza kwa atakayetabiri timu dhaifu kuitoa timu kubwa, na nyongeza wanayoipenda ni tofauti ya namba za timu. Tuliijaribu msimu mmoja. Shida yake inaonekana kwenye mechi za namba 5 na namba 12. Tangu mwaka 1985 namba 12 wameshinda zaidi kidogo ya theluthi ya mechi hizo. Ukimwandika namba 5 unapata pointi 2 katika mechi mbili kati ya tatu, wastani wa pointi 1.33. Ukimwandika namba 12 kwa nyongeza ya tofauti unapata 2 na 7, yaani 9, katika mechi moja kati ya tatu, wastani wa pointi 3. Mtu mwenye hesabu haangalii tena timu wala wachezaji, anaandika namba 12 kote na kulala. Msimu ule watu saba waliniletea namba 12 wanne wote. Sasa nyongeza yetu ni pointi moja tu bila kujali tofauti, na wastani wa namba 12 unakuwa 1 dhidi ya 1.33. Mtu anayemwandika namba 12 anafanya hivyo kwa sababu ameiona ile timu ikicheza na kuiamini, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanza.

#4. Mchangiaji, Minneapolis

Kaka, umeeleza vizuri, ila hujagusa suala la pesa. Kundi letu kila mtu anatoa dola 20. Baadhi ya wenzetu wamejitoa kwa sababu ya dini na tunawakosa. Nyie mnafanyaje?

#5. Mleta mada

Nashukuru kwa kuliuliza wazi. Sisi hatuweki pesa kabisa, hata senti moja. Karibu nusu ya kundi letu ni Waislamu, na kutoa fedha kwa mategemeo kwamba mmoja atachukua za wote ni kamari, hilo halina ubishi. Wapo pia Walokole wetu wenye msimamo huohuo. Zaidi ya dini, hapa kila jimbo lina sheria zake kuhusu michezo ya pesa, na mimi sitaki kuwa mshika fedha za watu.

Pesa ina tabia ya kukua pia. Kuna baa moja ya Staten Island, New York, inayotajwa sana katika historia ya mashindano haya, ambako mwaka 1977 watu 88 walitoa dola 10 kila mmoja. Kufikia mwaka 2006 kile chungu kilikuwa kimevuka dola milioni moja na nusu, na shindano likafungwa. Watu 88 walioanza wakifahamiana kwa sura hawakukusudia kufika huko.

Zawadi yetu ni mpira. Ni mpira wa kawaida wa ngozi ya kutengenezwa, umeshaanza kupauka, na kila mshindi anaandika juu yake jina lake na mwaka kwa kalamu ya wino mzito, kisha anakaa nao mpaka Aprili inayofuata. Jina la mwaka 2009 limefifia kiasi kwamba ni lazima uinamishe mpira kwenye mwanga ndipo ulisome. Mshindi wa 2016 alihamia Texas akauacha mpira kwa jirani yake ili usitoke mjini. Nimewahi kuona mtu mzima akifuta machozi alipokabidhiwa mpira huo, na sidhani kama dola mia nne zingemtoa machozi.

Chakula tunachangia kwa sahani, kila nyumba inaleta chake, anayeshinda na anayeshindwa wanaleta sawasawa. Tulifikiria kwanza kwamba wa mwisho awapikie wote, lakini mwenzetu mmoja aliyesoma dini akatueleza kwamba hiyo nayo ni dau, tukaacha. Mwaka 2024 mashindano yote, na mwaka 2025 sehemu kubwa yake, yaliangukia ndani ya Ramadhani, hivyo tulikutana kwenye futari, uji wa pilipili manga na sambusa mezani, na mechi za usiku tukaziangalia baada ya tarawehe. Siwezi kusema kuna mwaka tulioufurahia kuliko hiyo miwili.

#6. Mchangiaji, Kampala

Mkuu, mimi ni shahidi kwamba moyo unaponza. Mwaka 2025 nilimwandika Duke kwa sababu ya Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia hapa Uganda. Houston ikatutoa nusu fainali, 70 kwa 67, baada ya Duke kuongoza muda mrefu. Swali langu ni hili: watu wawili wakilingana pointi mnawatenganishaje?

#7. Mleta mada

Pole, ndugu yangu, na wala usijute. Mwaka ule namba 1 wote wanne walifika nusu fainali, jambo lililowahi kutokea mara moja tu kabla, mwaka 2008, kwa hiyo kumwandika Duke kulikuwa na mantiki hata bila Maluach.

Kuhusu kulingana, kila mshiriki anaandika chini ya mkeka wake jumla ya pointi zitakazofungwa na timu zote mbili katika fainali, na aliye karibu zaidi ndiye mshindi. Inaonekana rahisi. Fainali ya 2023 UConn iliifunga San Diego State 76 kwa 59, jumla 135. Fainali ya 2024 ikaifunga Purdue 75 kwa 60, jumla 135 tena. Ya 2025 Florida iliifunga Houston 65 kwa 63, jumla 128. Ukiandika kati ya 128 na 145 huwi mbali sana na ukweli.

Sasa angalia mwaka 2019. Virginia na Texas Tech zilimaliza dakika 40 zikiwa sare ya 68, jumla 136. Zikaenda muda wa nyongeza, na Virginia ikashinda 85 kwa 77, jumla 162. Watu wetu wawili walikuwa wamelingana pointi. Mmoja ameandika 139, mwenzake ameandika 155. Ukihesabu dakika 40 tu mpira ni wa yule wa kwanza, na ukihesabu mchezo wote ni wa yule wa pili. Karatasi yangu ilisema "jumla ya pointi za fainali", basi. Kila mmoja alikuwa na hoja, na kila mmoja alikuwa na mashabiki waliopaza sauti. Walikuwa marafiki tangu shule ya msingi, na hawakuzungumza kwa karibu miezi miwili. Niliamua kwa matokeo ya mwisho yaliyotangazwa, 162, kwa sababu hayo ndiyo yanayoandikwa kwenye vitabu vya kumbukumbu, lakini nilikosa usingizi kwa kuwa niliamua baada ya kujua nani atafaidika. Usijiweke katika hali hiyo. Andika neno "pamoja na muda wa nyongeza" leo, kabla hujamjua yeyote.

Katika karatasi hiyohiyo ongeza na mechi isiyochezwa. Mwaka 2021 VCU iliondolewa kwa sababu ya Korona kabla ya kukutana na Oregon, na Oregon ikapita bila kugusa mpira. Kanuni yetu inasema timu iliyopita imeshinda, na aliyeiandika apate pointi zake.

#8. Mchangiaji, Mombasa

Kaka, mbona wanawake hawatajwi kabisa? Nilimtazama Caitlin Clark akiichezea Iowa mwaka 2024 na sikuona sababu ya wao kukosa mkeka.

#9. Mleta mada

Dada, umenishika pabaya, na una haki. Tulichelewa sana. Tangu 2024 tuna daftari la pili la mashindano ya wanawake, ambayo yana timu 68 tangu mwaka 2022, na dada mmoja Mkongo ndiye analishika. Mpira wetu wa pili ni mpya, una majina mawili tu.

Anayelianzisha ajue tofauti moja. Kwa wanawake, timu zilizopangwa namba 1 hadi 4 katika kila kanda hucheza raundi mbili za mwanzo katika kumbi za nyumbani, mbele ya mashabiki wao, kwa hiyo timu kubwa huanguka mara chache zaidi. Harvard, namba 16, iliitoa Stanford, namba 1, mwaka 1998, tena Stanford ikiwa nyumbani kwake, na tukio hilo bado linasimuliwa mpaka leo. Kwa sababu hiyo daftari la wanawake linatoa nyongeza ya pointi mbili badala ya moja. Mwaka 2024 South Carolina ilimaliza msimu bila kufungwa kwa kuishinda Iowa uliyoitazama, 87 kwa 75, na washiriki wetu wengi walikuwa wameiandika. Mshindi alipatikana kwa zile raundi za mwanzo, na dada mshika daftari anasema ndivyo anavyotaka.

#10. Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu, nimesoma uzi wote. Vijana wetu wanne wa uwanja wa Don Bosco Oysterbay wanataka kuanza mwaka huu, lakini hatuna printa na mmoja hana simu janja. Tunaweza?

#11. Mleta mada

Mnaweza bila shida yoyote. Mwaka wetu wa kwanza hatukuwa na printa pia. Chukueni karatasi ya daftari la mistari kila mmoja, mchore kanda nne, mnakili majina kutoka kwenye simu ya mmoja wenu Jumatatu, mkijaza kwa wino na si penseli. Mkimaliza, karatasi zote zipigwe picha pamoja juu ya meza moja, picha itumwe kwa wote siku hiyohiyo, na asiye na simu aandikiwe nakala mkononi. Baada ya picha hakuna kufuta. Atakayeshika daftari naye acheze, lakini mkeka wake upigwe picha wa kwanza, kabla hajaona wa wenzake.

Kanuni ziandikwe nyuma ya karatasi mojawapo na wote wanne watie sahihi: pointi za kila raundi, nyongeza, mechi za Dayton, mechi isiyochezwa, muda wa nyongeza katika fainali, na saa ya mwisho kwa saa za Dar. Nitumie na mimi ile picha ya nyuma. Nikiona pengo nitawaambia Jumatano, maana Alhamisi saa moja na robo usiku ya kwenu nitakuwa nimeshafunga simu na kukaa mbele ya televisheni.